Unbound Inaanza Upya Kila Mara Kwenye pfSense: Mtafute Anayeiamuru

Wenye nyumba huieleza dalili hii kwa maneno machache: neti ipo lakini haifungui. Aliye kwenye simu ya WhatsApp anaendelea kuongea bila kukatika, filamu iliyokwisha kuanza inaendelea, lakini anayefungua ukurasa mpya anatazama kiduara kikizunguka. Baada ya muda kila kitu kinafunguka kwa mpigo. Robo saa haijaisha, hali inajirudia. Ukienda kwenye rauta, taa zote zinawaka. Ukipima kasi, namba ni nzuri.

Mgawanyiko huo tayari unakuonyesha pa kuanzia. Mazungumzo yanayoendelea yanajua anwani ya IP ya upande wa pili, hayana haja ya kuuliza tena. Ukurasa mpya lazima kwanza uulize jina, na anayejibu ndiye hayupo. Kwenye fayawoli ya nyumbani yenye pfSense, mfumo huria wa kuendesha fayawoli na rauta, mjibu huyo ni Unbound, kitatuzi cha DNS (programu inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP) cha NLnet Labs ya Amsterdam. Toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2008, na pfSense walikifanya kitatuzi chao cha kawaida kuanzia toleo la 2.2 mwaka 2015.

Unbound ni programu imara. Ikiachwa itulie hukaa miezi bila tatizo. Kwa hiyo ukiikuta inaanza upya kila dakika chache, usikimbilie kuamini kwamba imeharibika. Mara nyingi kuna kitu kingine ndani ya fayawoli hiyohiyo kinachoiamuru ianze upya, na kazi yako ni kumjua mtoa amri. Anayeanza kwa kubadilisha mipangilio ya Unbound yenyewe, mara ukubwa wa kache (majibu yaliyohifadhiwa), mara idadi ya nyuzi, mara DNSSEC (ukaguzi wa uhalali wa majibu ya DNS), hupoteza wikendi nzima na amri zinaendelea kuja.

Usidhani pia kwamba kuanza upya kwa sekunde moja tu hakuna madhara. Kache ya Unbound inakaa kwenye RAM, na kila inapoanza upya inaanza na kache tupu. Jina ambalo lingejibiwa papo hapo sasa linatafutwa tangu seva za mzizi, kisha za kikoa cha juu, kisha za mwenye kikoa, na nyingi kati ya hizo ziko mbali. Ndiyo maana neti inaendelea kuwa nzito hata baada ya kitatuzi kurudi.

Kwanza hakikisha kwamba tatizo ni DNS

Tatizo linapotokea, kaa kwenye kompyuta iliyo ndani ya mtandao wako na uendeshe amri hizi tatu, ukiweka anwani ya fayawoli yako mahali pa 192.168.1.1:

```
ping 1.1.1.1
nslookup wikipedia.org 192.168.1.1
nslookup wikipedia.org 1.1.1.1
```

Ping ikijibu, swali la kwanza la jina likashindwa na la pili likajibiwa, basi njia ya kwenda nje ni nzima na mgonjwa ni kitatuzi cha nyumbani. Ping nayo ikishindwa, acha mwongozo huu kwa sasa. Laini yako ndiyo imekatika, na kuanza upya kwa kitatuzi ni matokeo tu.

Angalia pia namna swali lilivyoshindwa. Kusubiri hadi muda kwisha, au kukataliwa, maana yake hakuna anayesikiliza kwenye poti 53, poti ya DNS. Hilo ndilo linaloendana na kitatuzi kinachoanza upya. Jibu la `SERVFAIL` ni habari nyingine: Unbound iko hai, imejaribu kutafuta jina, imeshindwa. Hapo chunguza saa ya fayawoli, kwa kuwa saa ikiwa nyuma au mbele sana ukaguzi wa DNSSEC hukataa majibu halali. Chunguza na seva unazozielekezea maswali kama umewasha hali ya kuelekeza.

Kuna mtego mmoja unaogombanisha watu sebuleni. Simu za Android kuanzia toleo la 9 zina mpangilio wa "Private DNS", na baadhi ya vivinjari vina DNS yao inayopita ndani ya HTTPS. Simu iliyowekewa seva ya nje kwa njia hiyo haiulizi fayawoli yako kabisa, kwa hiyo mwenye simu hiyo ataapa kwamba neti haina tatizo wakati wengine wote wamekwama. Usitumie kifaa hicho kupimia.

Logi ina alama za aina tatu

Hapa ndipo pa kukaa kwa utulivu, kwa sababu ukisoma vizuri unaweza kuondoa theluthi mbili za sababu kabla hujagusa kitufe chochote. Fungua Status, kisha System Logs, kisha System, kisha DNS Resolver. Ukipenda kuingia kwa SSH, faili lenyewe ni `/var/log/resolver.log`. Tangu pfSense 2.5.0 ni maandishi ya kawaida, kwa hiyo `grep` inafanya kazi moja kwa moja:

```
grep -E "service stopped|Restart of|start of service" /var/log/resolver.log | tail -40
```

Utapata mistari inayofanana na hii:

```
Jul  3 20:14:07 unbound[41876]: [41876:0] info: service stopped (unbound 1.19.1).
Jul  3 20:14:07 unbound[41876]: [41876:0] notice: Restart of unbound 1.19.1.
Jul  3 20:14:08 unbound[41876]: [41876:0] info: start of service (unbound 1.19.1).
```

Mistari mingi ya takwimu inayojitokeza katikati kila inaposimama, ile inayoanza na `server stats for thread`, isikutishe. Unbound huaga hivyo kila mara inapozimwa kwa utaratibu.

Tazama vitu viwili: namba ya mchakato iliyo kwenye mabano ya mraba, na kuwepo au kutokuwepo kwa mstari wa `Restart of unbound`.

Namba ikibaki ileile kabla na baada, na mstari wa `Restart of` ukiwepo, mchakato haukufa. Ulipokea ishara ya HUP ukaambiwa usome upya mipangilio yako. Hii ndiyo aina ya kwanza, na ndiyo inayopatikana zaidi majumbani.

Namba ikibadilika, na `service stopped` ikiwepo, kuna hati (skripti) ya pfSense au ya kifurushi fulani cha nyongeza iliyoizima Unbound kwa adabu na kuwasha nyingine. Hiyo ni aina ya pili.

Namba ikibadilika bila `service stopped` yoyote kutangulia, au logi ikikatika ghafla na kunyamaza, Unbound haikuaga. Ama imeanguka, ama kiini cha FreeBSD, mfumo endeshi ulio chini ya pfSense, kimeiua. Hiyo ni aina ya tatu.

Andika pia saa za matukio kwenye karatasi. Yanayotokea saa kamili, au kwenye dakika ileile ya kila saa, yanaelekeza kwenye kazi za ratiba. Yaliyotapakaa bila mpangilio mchana kutwa na kupungua watu wanapolala yanaelekeza kwenye vifaa vya watu. Yanayokuja kwa mafungu, matatu au manne ndani ya dakika moja kisha kimya cha saa kadhaa, yanaelekeza kwenye laini au kebo.

Aina ya kwanza: namba ileile, HUP baada ya HUP

Mshukiwa wa kwanza ni kisanduku kimoja kidogo: Services, DNS Resolver, General Settings, "DHCP Registration". Wengi hukiwasha kwa nia njema kabisa, ili waweze kuandika jina la printa au la kompyuta badala ya anwani yake.

Kinachofanyika nyuma ni hiki. DHCP huipa kila simu, televisheni na kamera kibali cha kutumia anwani kwa muda. Kwenye pfSense inayotumia seva ya zamani ya DHCP ya ISC, muda huo usipoubadilisha ni sekunde 7200, yaani saa mbili. Kifaa hakisubiri kibali kiishe. Kikifika nusu ya muda kinaomba kuhuisha. Kila kibali kinapohuishwa, faili la vibali linaandikwa. Kuna programu ndogo iitwayo `dhcpleases` inayolilinda faili hilo. Ikiona limebadilika, inaandika majina upya na kuipigia Unbound ishara ya HUP. Unbound nayo inasimama, inatupa kache yote, inasoma kila kitu tangu mwanzo. Ni kama duka linalowatoa wateja wote nje na kufunga milango kila mara jina moja linapoongezwa kwenye daftari la madeni.

Sasa piga hesabu. Nyumba yenye vifaa 20, kila kimoja kikihuisha mara moja kwa saa, inaleta HUP 20 kwa saa, yaani kama kila dakika 3. Siku wageni wamejaa sebuleni inazidi hapo. Simu za kisasa zinazobadilisha anwani ya MAC (kitambulisho cha kifaa kwenye mtandao) nazo huchangia, kwa kuwa MAC mpya ni mgeni mpya machoni pa DHCP.

Mbona wengine wana kisanduku hicho na hawalalamiki? Kwa sababu Unbound yenye mipangilio midogo huamka mara moja na hakuna anayehisi. Maumivu huja pale kisanduku hicho kinapokutana na orodha kubwa za kuzuia matangazo. Ukiwa na pfBlockerNG, kifurushi cha kuzuia matangazo, katika hali yake ya zamani, majina yote ya kuzuiwa yamo ndani ya mipangilio ya Unbound, na kila HUP inalazimisha yasomwe yote upya. Kwenye kompyuta ndogo yenye kichakataji dhaifu, kazi hiyo hula makumi ya sekunde, na kabla haijaisha simu nyingine imekwisha kuhuisha kibali chake. Hapo ndipo watu husema kitatuzi "kinawaka na kuzima" kutwa nzima.

Tiba: ondoa alama kwenye "DHCP Registration", hifadhi, tumia mabadiliko. Vifaa vichache ambavyo kweli unahitaji kuviita kwa jina, yaani printa, hifadhi ya mafaili na kamera, vipe anwani za kudumu kwenye ukurasa wa DHCP Server, kisha acha "Static DHCP" ikiwa imewashwa. Majina hayo husomwa Unbound inapoanza na hayaisumbui tena mpaka wewe mwenyewe uyahariri. Kwa nyumba ya kawaida naona hii ndiyo njia bora, maana sijaona nyumba inayohitaji jina la kila simu inayopita mlangoni.

Kurefusha muda wa vibali hadi sekunde 86400 kunapunguza tu. Vifaa vilevile 20 sasa vinahuisha kila saa 12, na HUP zinashuka hadi kama moja kwa kila dakika 36. Ni nafuu, lakini bado kila mara unapoteza kache.

Njia ya tatu ni kuhamia Kea, seva mpya ya DHCP, kutoka System, Advanced, Networking. ISC walitangaza mwaka 2022 kwamba hawataendelea kuitunza seva yao ya zamani, kwa hiyo kuhama hakuepukiki. Ila angalia toleo lako. Kea ilipoingia kwenye pfSense CE (ile ya bure) 2.7.1 mwishoni mwa 2023 haikuwa na uwezo wa kusajili majina kwenye kitatuzi. Waliohamia wakati huo waliona matatizo yameisha, kisha wakagundua na majina ya vifaa vyao yametoweka. Usajili ulirudishwa kwenye pfSense Plus (ile ya kibiashara) 24.11 na CE 2.8.0, safari hii majina yakiingizwa bila kuianzisha Unbound upya. Kama uko kwenye matoleo hayo na unayahitaji majina, hamia Kea.

Mshukiwa wa pili wa aina hii ni kisanduku cha "OpenVPN Clients" kilicho ukurasa huohuo. Kinasajili jina la kila anayeunganisha VPN kwako, kwa HUP vilevile. Mwenzako akiwa safarini na simu yake ikiwa inakatika na kurudi kwenye mtandao dhaifu, nyumbani kila mtu atalihisi. Kizime.

Mwenye OPNsense, fayawoli iliyochipuka kutoka pfSense, anayesoma hapa: mfumo wako nao unatumia Unbound, lakini huingiza majina ya vibali kwa `unbound-control` bila kuianzisha upya, kwa hiyo sehemu hii haikuhusu sana. Zinazofuata zinakuhusu.

Aina ya pili: namba mpya, imezimwa kwa adabu

Hapa logi ya kitatuzi pekee haitoshi. Chukua saa ya `service stopped` na uende nayo kwenye `/var/log/system.log`, uangalie sekunde chache kabla yake:

```
grep -E "rc.newwanip|rc.linkup|Hotplug|link state|gateway_alarm|OpenVPN|Watchdog" /var/log/system.log | tail -60
```

Ukiona `link state changed to DOWN` na mara `UP`, kebo au kifaa cha upande wa pili kimekatika. pfSense ikiona kiolesura kimerudi, huendesha `rc.newwanip`, na hati hiyo husanidi upya huduma kadhaa, kitatuzi kikiwemo. Jina la kiolesura kwenye mstari ndilo linakuonyesha pa kwenda.

Kikiwa ni WAN (upande wa mtoa huduma), nenda kwenye kisanduku cha faiba. Majumbani kwetu sababu ya kawaida ni umeme: fayawoli imechomekwa kwenye UPS, kisanduku cha faiba kimechomekwa ukutani. Umeme ukicheza kidogo, kisanduku kinazima na kuwaka, WAN inaanguka, kitatuzi kinaanza upya, na mwenye nyumba anailaumu fayawoli kwa kuwa ndiyo pekee anayoielewa. Viweke vyote viwili kwenye UPS moja. Baada ya hapo badilisha kebo ya mtandao kati yao, kwani kebo mbovu inayoonekana nzima ni jambo la kila siku.

Kikiwa ni LAN (upande wa nyumbani), tazama kilichochomekwa kwenye poti hiyo. Kompyuta au televisheni ikichomekwa moja kwa moja kwenye fayawoli, kila inapolala poti inakatika na inapoamka inarudi. Weka swichi ndogo katikati. Swichi haizimi, kwa hiyo poti ya fayawoli inabaki hai hata vifaa vyote vikilala.

Ukiona `rc.newwanipv6` ikijirudia na mtoa huduma wako hana IPv6, au anayo ya kubahatisha, nenda Interfaces, WAN, uweke "IPv6 Configuration Type" kuwa "None". pfSense huja ikiwa imewekwa DHCP6, kwa hiyo wengi wana mpangilio huu bila kuuchagua.

Ukiona `gateway_alarm`, msikilize `dpinger`, mlinzi anayelipima lango lako. Bila kubadilishwa, hutoa onyo ucheleweshaji ukivuka milisekunde 200 na kulihesabu lango kuwa limekufa ukivuka 500. Kwa paketi zinazopotea mipaka ni asilimia 10 na 20. Kwa mtu wa faiba anayepima lango la mtoa huduma wake, namba hizo zinatosha. Kwa aliye kwenye modemu ya simu za mkononi, au anayepima anwani iliyo mbali, zinamtesa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, neti ya Kenya na Tanzania ilikuwa inapita, ila kwa kusuasua. Katika hali kama hiyo `dpinger` inayopima anwani ya mbali inaweza kulitangaza lango limekufa wakati bado linabeba data.

Onyo hilo lenyewe haliigusi Unbound moja kwa moja. Linachofanya ni kuanzisha upya vichuguu vya OpenVPN, na kichuguu kinaporudi kama kiolesura, `rc.newwanip` inaitwa, na kitatuzi kinafuatia. Hivyo asiye na VPN kwenye fayawoli yake aweza kupata maonyo mengi bila kitatuzi kutikisika, na mwenye VPN akapata taabu kwa maonyo hayohayo. Nenda System, Routing, hariri lango lako, ongeza mipaka ilingane na laini uliyo nayo, au pima anwani iliyo karibu. Laini yako ikiwa moja tu na huna ya akiba, zima kabisa hatua za lango kwa kisanduku cha "Disable Gateway Monitoring Action". Kujua kwamba lango limekufa hakukusaidii kama hakuna lango jingine la kukimbilia.

Matukio yakiwa ya saa kamili, mshukiwa ni pfBlockerNG. Ratiba yake huamka kila saa, na orodha ikiwa na sasisho huzima Unbound na kuiwasha. Fungua `/var/log/pfblockerng/pfblockerng.log` utafute `Stopping Unbound Resolver`, ulinganishe saa. Orodha za matangazo hazina haja ya kusasishwa kila saa. Weka mara moja kwa siku, alfajiri. Lakini tiba ya maana zaidi ni kubadilisha "DNSBL Mode" kuwa "Unbound python mode". Hapo orodha haimo tena ndani ya mipangilio ya Unbound, inatumia RAM kidogo zaidi, na kuanza upya kunakuwa kwepesi. Kabla ya kuiwasha hakikisha umeshazima usajili wa DHCP wa ISC na ule wa OpenVPN, kwa sababu hivyo havipatani na hali ya Python na vimewahi kuwaangushia watu Unbound kabisa.

Na sasa Service Watchdog, kifurushi ambacho wengi husakinisha kama dawa ya tatizo hili hili. Kila dakika kinaangalia kama huduma iko hai, kikikuta haipo kinaiwasha. Wazo linavutia. Tatizo ni kwamba hakijui tofauti ya huduma iliyokufa na huduma iliyo katikati ya kuanza. pfBlockerNG imeizima Unbound ili ibadilishe orodha, Watchdog inaamka, inaona haipo, inawasha nyingine, na sasa michakato miwili inagombania poti 53. Tukio moja linazaa matatu. Kibaya kuliko hicho, kinafunika dalili: huduma inarudi yenyewe, hujui ilianguka lini wala kwa nini. Iondoe Unbound kwenye orodha ya Watchdog kabla ya kuendelea na uchunguzi wowote. Ukitaka irudi, iwe baada ya kuipata sababu.

Aina ya tatu: imekufa bila kuaga

Hii haitokei sana, lakini ikitokea ni nzito. Tafuta kwenye logi ya mfumo:

```
grep -E "unbound.*(killed|signal)" /var/log/system.log
```

Mstari wa `was killed: failed to reclaim memory`, au kwenye matoleo ya zamani `was killed: out of swap space`, hauna utata. RAM iliisha na kiini kikachagua cha kuua. Anayekula RAM hiyo kwa kawaida ni orodha za kuzuia, hasa ukiwa umewasha chaguo la TLD (la kuzuia kikoa kizima pamoja na vikoa vyake vidogo) katika hali ya zamani. Punguza orodha, nenda kwenye hali ya Python. Rudisha pia ukubwa wa kache ya Unbound ulivyokuwa kama uliuongeza kwa ushauri wa mtu. pfSense huanza na MB 4 kwa kache ya ujumbe, na kwa nyumba haihitaji kufika mamia.

Mstari wa `exited on signal 11` una maana kwamba programu iligusa kumbukumbu isiyo yake. Kwanza angalia ule mgongano wa Python na usajili niliotaja. Kama haupo, tazama kama programu nyingine nazo zinaanguka kwa ishara hiyohiyo. `php-fpm` leo, `unbound` kesho, `dpinger` keshokutwa: hapo shuku vijiti vya RAM, na uiendeshe mashine kwa memtest usiku kucha.

Kisha kuna Unbound isiyowaka kabisa, ambayo kila hati inajaribu kuiwasha na inashindwa palepale. Mwulize mkaguzi wake:

```
unbound-checkconf /var/unbound/unbound.conf
```

Atakutajia faili na mstari wenye kosa. Mara nyingi kosa liko kwenye kisanduku cha "Custom options", ambako mtu amebandika mipangilio bila kuitanguliza neno `server:` kwenye mstari wake wa juu. Ikiwa mkaguzi ameridhika lakini logi inasema `Address already in use`, DNS Forwarder, huduma nyingine ya DNS ya pfSense, nayo imewashwa kwenye poti 53, zima mojawapo. Ikiwa inasema `error reading auto-trust-anchor-file`, faili la ufunguo wa mzizi limeharibika, kwa kawaida baada ya umeme kukatika wakati linaandikwa. Lifute na ulitengeneze upya:

```
rm /var/unbound/root.key
unbound-anchor -a /var/unbound/root.key
chown unbound:unbound /var/unbound/root.key
```

Endesha `df -h` pia. Mwenye kuweka `/var` kwenye RAM kwa ajili ya kulinda diski hujaza nafasi hiyo haraka kwa logi na orodha za pfBlockerNG, na Unbound isiyoweza kuandika mafaili yake haiwaki. Na kama faili zinaharibika kila umeme ukikatika, angalia mfumo wa mafaili wa diski yako (ZFS au UFS). Kisakinishi cha pfSense kilianza kuipa ZFS kipaumbele tangu 2.6.0 mwaka 2022, lakini mashine iliyosakinishwa zamani kwa UFS hubaki na UFS hata ukiisasisha mara ngapi. Kuhamia ZFS ni kusakinisha upya na kurudisha nakala ya mipangilio, kazi ya jioni moja, na kwa sehemu zenye umeme wa kukatikakatika naisisitiza bila kusita.

Kupima kama umepona

Badilisha jambo moja tu, kisha liache lipite mchana mzima na jioni yenye watu nyumbani. Hesabu kwa:

```
grep -c "start of service" /var/log/resolver.log
```

Andika namba kabla na baada, ukikumbuka kwamba logi huzungushwa ikijaa, kwa hiyo tazama pia tarehe ya mstari wa kwanza kwenye faili. Kitatuzi kilichotulia huonyesha mwanzo mmoja mmoja, na kila mmoja una sababu unayoijua: sasisho la alfajiri, umeme, au wewe mwenyewe ukibadilisha mpangilio.

Ikibaki kujirudia na huoni mtoa amri, pandisha "Log Level" ya kitatuzi hadi 2 kwa saa chache tu, kisha uirudishe 1, kwani viwango vya juu hujaza logi na kufuta ushahidi wa nyuma. Ukiamua kuomba msaada kwa wengine, wapelekee toleo la pfSense, orodha ya vifurushi, na vipande viwili vya logi vya dakika ileile: mistari kumi ya `resolver.log` na thelathini ya `system.log` inayoitangulia. Anwani yako ya IP ya nje ifute kwanza.